Kibuyu Hakina Pasi

Sehemu ya Kumi na Moja

Hakikuwa kibali.

Najua wengine mlishaanza kushangilia. Wiki nzima mmekaa na ile bahasha ya kaki yenye mhuri mwekundu wa ng'ambo, na Otmar Lusangija amesimama mbele ya kaunta ya posta ya Geita, kidole gumba kimeshaingia kwenye mkunjo wa bahasha. Mlitaka aipasue, apige kelele, akimbie mpaka nyumbani Kalangalala akamwambie mkewe Generoza afunge mizigo. Poleni. Hata mimi nilitaka hivyo hivyo.

Aliipasua. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Akaigeuza mbele na nyuma. Kizungu kitupu. Akampa Paskalia, binti wa kaunta, ambaye alimaliza kidato cha nne na hakuwa na kiburi nacho.

"Nisomee, mama."

Paskalia akasoma kimoyomoyo kwanza. Hapo tu Otmar angejua. Mtu mwenye habari njema kwako hasomi kimoyomoyo.

"Hawajakubali, baba. Wala hawajakataa."

"Sasa wamefanya nini?"

"Wanataka karatasi tatu zaidi."

Kwa aliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze upesi, wenzako wasubiri kidogo. Mwaka 1974 Otmar, mchimbaji wa mashimo ya Geita, alikamatwa na dhahabu upande wa pili wa mpaka wa Sirari. Walimfunga kule miezi kumi na minane, wakamrudisha na amri kwamba asikanyage tena nchi ile bila msamaha maalumu wa kuingia. Otmar hakujali. Alikuwa na shida gani kule? Hapa alikuwa na shimo lake, mke wake, na binti mmoja tu, Justina.

Mwanzoni mwa 1977, wiki chache kabla mpaka haujafungwa, Justina akamkataa mchumba aliyekwisha kuleta ng'ombe kumi na wawili. Akasema anakwenda utawani, nchi ile ile, kwa masista wa kimya. Otmar akasimama mlangoni mbele ya watu, ng'ombe wakiswagwa kurudi kwao, akasema, "Nenda. Lakini tangu leo mdomo huu haukutaji."

Na haukumtaja. Miaka minane. Ikibidi amseme, husema "yule".

Mwezi wa tano mwaka huu wa 1985 barua ya Justina ikaja. "Baba," aliandika, "mara mbili nimeahirisha nadhiri zangu za daima, kwa sababu siwezi kumpa Mungu mtu ambaye baba yake amemfunga kwa mdomo. Tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ni mara ya tatu, na kanuni yetu haina mara ya nne. Ni kuweka nadhiri au kufungasha. Njoo unifungue."

Kwao Ushirombo, neno alilolitoa baba kwa mdomo haliondolewi kwa barua. Huondolewa na mdomo ule ule, kwa maji. Baba huchukua funda la maji alfajiri kabla hajala kitu, hutaja jina la mtoto, humpulizia kifuani, yamekwisha. Ni kazi ya dakika moja. Shida ni kwamba dakika yenyewe ilikuwa ng'ambo, ndipo Otmar akaomba ule msamaha wa kuingia, na jibu lake ndilo bahasha hii.

Msomaji mmoja wa Kishapu ameniandikia kwa hasira: kwa nini mzee huyu asipite njia za panya kama wanavyopita wengine? Ndugu yangu wa Kishapu, njia za panya zipo, na Otmar anazijua kuliko wewe. Lakini Mama Mkuu wa masista ndiye aliyemdhamini kwa saini yake. Akikamatwa mara ya pili ni miaka mitano, na aibu yake itagonga mlango wa utawa asubuhi ile ile binti yake anapoweka nadhiri. Umeridhika? Twende.

"Karatasi gani hizo?" Otmar aliuliza.

Paskalia akahesabu kwa vidole. "Ya kwanza nakala ya hukumu, hiyo unayo. Ya pili barua ya tabia njema yenye mhuri wa katibu kata. Ya tatu maelezo yako mwenyewe. Ulifanyaje kosa, ulikuwa na nani, na unajutaje."

"Nilikuwa na nani?"

"Ndivyo walivyoandika, baba."

Otmar akaikunja barua ile mara nne. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchoma. Na nyie mtaona sasa hivi kwa nini.

*

Duka la mzee Zakir lilikuwa na rafu nyingi na bidhaa chache, maana ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni hakuna, sukari inasubiriwa. Kilichokuwepo siku zote ni mashine ya taipu, na mzee Zakir aliwapigia watu barua zao, kwa anayetoka Samuye na kwa anayetoka Bukombe, bila kuuliza dini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Justina. Kaa. Wamesemaje?"

Otmar akamweleza. Mzee Zakir akaingiza karatasi kwenye mashine, akarekebisha miwani.

"Sema taratibu. Dhahabu ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kibuyu cha maziwa mgando. Nilipoulizwa nikasema ni maziwa. Askari akatia mkono."

Mashine ikalia, ta ta ta.

"Dhahabu ilikuwa ya nani?"

Otmar akaitazama mashine.

"Baba Justina, nimekuuliza. Ya nani?"

"Mzee, unaijua desturi ya shimoni? Ya kubeba kesi?"

Mzee Zakir alikuwa ameishi Geita miaka arobaini na hakuijua. Huenda nawe huijui. Wachimbaji wa shimo moja, kabla mzigo haujasafiri, huweka punje kwenye kofia: choroko tupu na haragwe moja. Kila mtu hutia mkono bila kuangalia. Anayetoka na haragwe ndiye atakayebeba kesi. Mambo yakiharibika atasema ni mimi, peke yangu, na wenzake watakimbia. Akiwa kifungoni wao watalisha nyumba yake. Ni kiapo. Hakiandikwi popote na hakuna anayekivunja.

"Na wewe ulitoka na haragwe," akasema mzee Zakir.

"Nilitoka na haragwe. Tulisafiri wawili. Mwenzangu alikuwa nyuma na baiskeli. Mzigo ulikuwa wake yeye. Nilipokamatwa akaitupa baiskeli akaingia kwenye mahindi."

"Nani?"

"Ignas."

"Ignas yupi?"

"Ignas katibu kata."

Mzee Zakir akaondoa vidole kwenye mashine. Kwa hiyo, wasomaji wangu, mtu ambaye mhuri wake unatakiwa kwenye karatasi ya pili ndiye ambaye jina lake linatakiwa kwenye karatasi ya tatu. Mkiniambia nimetunga, nitawaambia ndiyo, nimetunga. Lakini nani kati yenu hajakutana na jambo la namna hii kwenye ofisi fulani?

"Nenda kwake," akasema mzee Zakir. "Nitakuachia mashine hivi hivi, na karatasi ndani."

*

Ignas alikuwa amenenepa. Ofisini alikuwa na meza, kalenda, na mhuri ndani ya kikopo cha bati. Alipomwona Otmar aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, ndugu yangu!"

"Mwangaluka. Nina shida ya mhuri."

"Wa tabia njema? Nani ana tabia njema hapa Geita kukushinda wewe?" Akachukua kalamu. Kisha kalamu ikasimama. "Wametaka na maelezo?"

"Wametaka."

"Umeniandika?"

"Bado."

"Basi na mhuri bado."

Walitazamana. Walikuwa wamechimba pamoja tangu wakiwa vijana, wamelala kwenye vumbi moja, na mara moja Ignas alimtoa Otmar kwenye kifusi kwa kucha zake.

"Otmar, nikuulize. Ulipokuwa ndani, gunia la mahindi lilifika kwako kila mwezi?"

"Lilifika."

"Miezi kumi na minane. Nilikosa hata mmoja?"

"Hukukosa."

"Mkeo alilala njaa?"

"Hakulala."

"Mimi niliutimiza upande wangu. Leo nina watoto saba na hiki kiti. Unajua wanavyomfanya mtu akitajwa kwenye mambo ya dhahabu siku hizi. Ukinitaja umenizika." Sauti yake ikatetemeka, na haikuwa ya kuigiza. "Ndugu yangu, haragwe ulilitoa wewe."

Mnataka Otmar ampige ngumi. Nami nilikuwa nimeiandaa ngumi yenyewe, nikaifuta. Mtu aliyelishiwa mkewe na mtoto miezi kumi na minane hawezi kumpiga aliyemlisha. Otmar aliinamisha kichwa.

"Gonga mhuri, Ignas. Nitaandika nilikuwa peke yangu."

Ignas akagonga. Aligonga mara mbili, wa kwanza ulikuwa umefifia.

*

"Umebeba kesi mara ya pili," alisema mzee Zakir alipomaliza kupiga maelezo yale. Akayasoma kwa sauti: "Nilikuwa peke yangu. Dhahabu ilikuwa yangu. Niliificha ndani ya kibuyu, nikawadanganya askari kuwa ni maziwa. Najuta kwa moyo wangu wote." Akavua miwani. "Baba Justina, hawa watu wana jalada. Jalada halisahau."

"Mzee, kusema kweli siwezi na kusema uongo sitaki. Nifanye nini?"

Mzee Zakir alimpa bahasha bure.

Barua ikaondoka tarehe 11 Julai. Generoza akaombewa pasi yake mwenyewe, maana yeye hakuwahi kukosana na serikali yoyote, na ilitoka kwa wiki mbili tu, ya kuingia mara moja. Akaiweka ndani ya misale, kitabu chake cha misa, akashona kitenge kipya kwa mkono, akasubiri ya mumewe.

Kusubiri hakuna habari ya kusimulia. Mhariri wangu ananiambia niruke. Siruki. Nataka mjue ilivyokuwa. Kila asubuhi Otmar aliendesha baiskeli mpaka posta. Siku za kwanza Paskalia alimwambia, "Bado, baba." Wiki ya pili alitikisa kichwa tu. Wiki ya tatu alikuwa anatikisa kichwa kabla mzee hajateremka kwenye baiskeli, na mzee anageuza hapo hapo, bila kuweka mguu chini. Shimo lake lilijaa maji, hakwenda kuyatoa. Alikuwa na nguvu za kupasua mwamba, lakini hapakuwa na mwamba. Palikuwa na meza fulani, mahali fulani, na karatasi juu yake, na mtu ambaye labda alikuwa amekwenda kunywa chai.

Tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, Paskalia hakutikisa kichwa. Alitoka nje ya kaunta.

"Simu ya maandishi, baba."

"Soma."

"Baba, keti kwanza."

"Soma, mama!"

Akasoma. "Maelezo hayalingani na jalada. Jalada linataja watu wawili, mmoja alitoroka akaacha baiskeli. Ombi limesimamishwa mpaka ufafanuzi. Nakala ya maelezo imepelekwa kituo cha mpakani."

"Kusimamishwa ndiyo nini? Wamekataa?"

"Hapana, baba. Wamesimamisha."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Otmar akaiacha baiskeli pale pale posta, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya Ignas. Moyoni alishaamua. Desturi ya shimoni ife, na yeye afe nayo. Atamburuta Ignas mbele ya mashine ya mzee Zakir, aseme mwenyewe.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbini akamwambia, "Katibu? Yuko semina Shinyanga. Atarudi tarehe 20."

Hapo ndipo mzee yule alipokaa chini, kwenye ngazi ya ofisi, akafunika uso kwa kofia. Mama wa ufagio akamzunguka akaendelea kufagia.

*

Aliyeokoa jambo, kama limeokoka, ni Generoza.

"Mimi pasi ninayo," alisema jioni ile, akipepeta mchele bila kuinua macho. "Kisichokuwa na pasi ni mdomo wako. Basi mdomo ubaki, maji yaende."

"Maji yaende vipi?"

"Niyabebe."

Otmar akamtazama. "Hilo linawezekana?"

"Kamuulize dada yako. Mimi ni mke tu."

Dada yake, Mektilda, alifika kutoka Ushirombo juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndiye shangazi wa Justina, na mambo ya maji ya wazee aliyajua kama anavyojua rozari. Alisikiliza, akanywa uji, akauliza swali moja.

"Ulisema tu, au ulisema na ukatema chini?"

"Nilisema tu."

"Ashukuriwe Mungu. Basi yanabebwa. Yachukue mdomoni alfajiri, taja jina lake, yateme kibuyuni. Siyo chupa, siyo plastiki. Kibuyu kipya. Mkeo ampelekee, anyunyiziwe kifuani kabla ya nadhiri. Lakini sikilizeni vizuri." Akainua kidole. "Yasiguse ardhi njiani. Yakigusa, ardhi imeyachukua. Na asiyameze mtu. Atakayeyameza ndiye atakayekuwa amefunguliwa, na mtoto atabaki na kifungo chake."

"Na yakimwagika, nifanye tena?"

"Neno moja lina maji mara moja, Otmar. Ungelitaka mara mbili ungelisema mara mbili."

Wakapanda basi, wakavuka kwa pantoni Busisi, Mwanza, Musoma, Tarime. Otmar alimsindikiza mkewe mpaka mahali ambapo miguu yake iliruhusiwa kufika. Walifika Sirari tarehe 13 wamechoka, wakapata chumba kwa mama mmoja wa Kikurya.

Alfajiri ya tarehe 14 wakatoka uani. Generoza akashika kibuyu kwa mikono miwili. Otmar akachukua kata ya maji, akainua, akaiteremsha.

"Taja kwanza," Generoza akanong'ona.

"Ju..."

Likakwama. Miaka minane neno lile halikuwa limepita pale. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi. Akamgeukia mkewe kwa hofu, mwanamume mzima.

"Generoza, sitaweza. Limeniota kooni."

"Lilikuwa jina zuri," Generoza akasema. "Wewe ndiye uliyelichagua. Mimi nilitaka aitwe Paulina."

Otmar akacheka bila kupenda, na katikati ya kicheko jina likatoka. "Justina." Likatoka tena, "Justina, mwanangu," na machozi nyuma yake. Akatia maji mdomoni, akayashika, akayatema kibuyuni yote. Generoza akafunga kizibo cha gunzi.

Lilikuwa funda moja kubwa la mchimbaji, kwa mdomo wa Generoza labda mawili, na machozi humo.

*

Mpaka wa Sirari ni kamba. Kamba yetu, kisha mwendo wa hatua arobaini hivi, kisha kamba yao. Otmar alisimama kwenye kamba yetu, tumbo limeigusa. Askari wetu akamwambia asiegemee.

Saa sita mchana. Basi la mwisho la kufika utawani kabla ya kesho lilikuwa limeshawasha injini ng'ambo. Generoza alikuwa wa nne kwenye foleni, kitenge kipya, misale kwapani, kibuyu kifuani.

Wa tatu. Wa pili.

Ofisa wa kiume, mwembamba, shati limenyooka, akachukua pasi yake. Akasoma jina. Akalisoma tena. Akamtazama mama yule, akatazama alichokipakata. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyopigwa taipu.

Msomaji, wewe umeshakumbuka tangu zamani. Umekaa hapo unanipigia kelele gazetini tangu Mektilda alipotaja kibuyu. Lakini Otmar hakukumbuka, na Generoza hakukumbuka, kwa sababu mtu akishikwa na jambo la mwanawe hakumbuki alichowaandikia watu wa serikali. Ile ilikuwa karatasi ya mzee Zakir. "Niliificha ndani ya kibuyu, nikawadanganya askari." Na saini ya Otmar chini yake.

"Mama," akasema ofisa, "Otmar Lusangija ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Na hiki ni nini?"

"Ni maji, baba."

"Umetoka Geita na maji? Huku kwetu hakuna maji?"

"Ni ya baraka. Ya binti yangu, yuko utawani."

"Mumeo naye alisema ni maziwa." Akagonga karatasi kwa kidole. "Kunywa nione."

Generoza akageuka. Aliangalia nyuma, hatua arobaini, kwa mumewe. Otmar hakusikia maneno, lakini aliuona mkono wa ofisa ukionyesha kibuyu, kisha mdomo. Akaelewa. Akapiga kelele kwa Kisukuma, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, usimeze, mama, usimeze!

Askari wetu akamshika bega. "Mzee! Nyamaza!"

Ng'ambo, ofisa hakukijua Kisukuma, ila aliijua sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu. Akasimama.

"Anasema nini yule? Kwa nini anapiga kelele? Mama, kunywa sasa hivi, au urudi ulikotoka."

Na kurudi, mnajua, ni pasi ya mara moja. Akirudi amekwisha.

Generoza akatoa gunzi. Akainua kibuyu. Otmar akafumba macho.

Akanywa. Ofisa akampokonya kibuyu kile mkononi, akakipindua juu ya kiganja chake akitafuta chembe za njano. Maji yakapita katikati ya vidole vyake, yakaanguka chini, ardhi ya ng'ambo ikayanywa. Akakitikisa. Akachukua jiwe, akakipasua, akapekua vipande kimoja kimoja.

Hakuna kitu.

"Haya," akasema, na aibu kidogo. Akagonga mhuri. "Pita, mama. Kuandikishwa ni meza ile pale."

Otmar alifumbua macho. Akaona vipande vya kibuyu. Akaona ardhi imelowa. Akashika kamba kwa mikono miwili, na ndani yake kitu kikazimika. Yameguswa na ardhi. Yamemezwa. Mara moja tu, alisema dada yake. Mwanawe amebaki amefungwa, na aliyemfunga amesimama hapa na kamba tumboni.

Kisha akamwona mkewe anatembea.

Anatembea ajabu. Kichwa kimenyooka wima, hageuki kulia wala kushoto, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa pomoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka alimsalimu, hakuitikia. Generoza, ambaye hajawahi kuacha salamu ipite! Otmar akakodoa macho. Akaona mashavu ya mkewe.

Yalikuwa yamejaa.

Hakumeza. Mama yule hakumeza! Funda zima lilikuwa mdomoni mwake, jina la Justina ndani yake, na hatua thelathini mbele yake basi linanguruma.

"Tembea," Otmar alinong'ona. "Tembea, Generoza, tembea."

Katikati yake na basi palikuwa na meza moja tu. Nyuma yake alikaa ofisa mwanamke, kibao kifuani kinasema Ghati, daftari kubwa mbele yake, kalamu tayari. Generoza akamwekea pasi mezani, akaonyesha jina kwa kidole, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

Ghati hakuitazama pasi.

"Kusoma najua, mama. Utaratibu wetu unataka mtu alitaje mwenyewe. Jina lako nani?"

Generoza akaonyesha tena kwa kidole.

Dereva akapiga honi. Kwenye meza ya kwanza, ofisa mwembamba, bado ana kipande cha kibuyu mkononi, aliinua kichwa. Kwenye kamba yetu Otmar alifumba midomo yake mwenyewe kwa nguvu mpaka ikauma, kwani hilo ndilo pekee aliloweza kumsaidia.

Ghati akaweka kalamu chini. Akainuka taratibu, akaizunguka meza, akasogeza uso wake karibu na uso wa Generoza.

"Mama," akasema, "una nini humo mdomoni?"